Nimeingizwa kamati ya wiki ya homukamingi shuleni kwa watoto, nikaseme nini?

MamaZuu_TX

Habari zenu wadau, hasa nyie wenye watoto hai skuli huku Marekani. Niko Texas, nje kidogo ya Dallas, binti yangu mkubwa yuko la 10 na mdogo wake ndo kaanza la 9 mwaka huu. Shule imetuma imeili kwamba wanaunda kamati ya wazazi, walimu na wanafunzi kupitia upya shamrashamra zote za shule, eti ziwe salama na kila mtoto ajione yumo, mi nikajibu niko tayari, sasa kikao ni wiki ijayo na sina hata sentensi moja ya maana ya kwenda kusema pale.

Kwa mlioko nyumbani: homukamingi ni ile wiki moja ya Septemba au Oktoba ambapo shule inakaribisha waliowahi kusoma pale. Jumatatu mpaka Ijumaa watoto wanavaa mavazi ya mada, leo pajama, kesho mapacha, keshokutwa kauboi, halafu Ijumaa mchana shule nzima inajazwa jimu kupiga kelele na matarumbeta, usiku mechi ya futiboli ya Kimarekani, katikati ya mechi wanatangaza mfalme na malkia, Jumamosi dansi. Mimi nimesoma bweni Tanga, sherehe yetu ilikuwa mahafali ya fomu foo na pilau, basi.

Vitu vinavyonikera mpaka sasa ni kwanza hela, kila siku nguo mpya na lile dude la maua wanalovaa kifuani. Pili huyu mdogo kaniambia wadada wa mwaka wa mwisho huwa wanawachukua wapya baada ya mechi "kuwafunda", nikamuuliza kuwafunda nini, akanyamaza. Tatu jirani yangu ana kijana mwenye usonji na siku ya kelele za jimu huwa anabaki nyumbani, shule wanamwandikia hayupo.

Ila sitaki niende pale nionekane mama Mwafrika anayekuja kukataza kila kitu. Watoto wanaipenda kweli hiyo wiki. Nishaurini.

BiMwanaisha_Houston

Hongera shosti kwa kuingia kamati, sisi huwa tunalalamika kwenye gari tu wakati wa kupaki.

Hilo dude la kifuani, linaitwa mamu, ndo mahali pa kuanzia maana ni la Texas hasa, ukiwa Ohio au Maryland hata hawalijui. Zamani lilikuwa ua halisi na utepe kidogo, sa hivi ni ua la bandia, maribani mpaka magotini, kengele, dubu wa manyoya, taa za betri, na mvulana naye anavaa la kwake dogo mkononi. Ukinunua kwa mafundi ni dola mia na kitu kwa la kawaida na yapo ya dola mia kadhaa, nimeona la mtoto wa jirani mpaka nikadhani ni pazia. Sasa fikiria siku ya Ijumaa wasichana wote wamevaa na kengele zinalia koridoni, wewe huna, kila mtu anakusikia huna, yaani ukimya wako ndo unakutangaza.

Usiende kusema lipigwe marufuku. Utapoteza kikao dakika ya kwanza, na bibi zao walivaa. Sema hivi: moja, shule ifungue darasa la sanaa jioni mbili tatu kabla ya ile wiki, maribani na gundi ya moto viwepo, kila mtoto atengeneze la kwake bure, na ukubwa uwekewe kikomo kwa wote. Mbili, wakusanye ya mwaka jana, wale wa mwaka wa mwisho wakimaliza shule mamu zao zinalala kwenye kabati milele, zile kengele na maribani yanafunguliwa yanatumika tena. Shule ya wanangu wanafanya hivyo na kina mama wa Kimeksiko ndo mafundi wakubwa, tunakaa tunacheka tunakula tamale, mimi nimejifunza kusuka utepe wa minyororo pale.

Na tiketi ya dansi ulizia kama mtoto anayepata chakula cha mchana cha bure anapunguziwa. Ila asiende kuomba mbele za watu, iwe ni kitu cha kwenye fomu.

Omosh_Minneapolis

MamaZuu hiyo ya "kuwafunda" usiiache ipite hivyo. Sisi tuliosoma bweni Kenya tunajua venye hizo vitu huanza. Mono, yaani mwanafunzi mpya, anaambiwa apigie mamake simu na kiatu, ama apulize balbu mpaka izime, kila mtu anacheka, hata mono mwenyewe anacheka. Baada ya wiki mbili anatambaa chini ya vitanda saa nane usiku akijifanya anaendesha gari na kuna mtu amemkanyaga vidole. Hakuna siku mtu alisema sasa tunaanza kuumiza, ilikuwa tu kila darasa linataka kuzidisha kidogo kuliko lile lililowatesa wao.

Na huku Marekani iko sana, tena kwa wasichana. Mei 2003 pale Northbrook, Illinois, mchezo wa futiboli wa wasichana wa mwaka wa mwisho na wa mwaka wa chini yao, ulikuwa nje ya shule kwa park, ukageuka wakapakwa rangi, matumbo ya samaki na kinyesi, wakapigwa, watano wakaishia hosi na zaidi ya 30 wakafukuzwa shule. Video ilizunguka nchi nzima. Na kuna wazazi walishtakiwa juu ya pombe. Watu wazima! Yaani walijua kuna mchezo wakasaidia na bia.

Sasa uko Texas, hapo una silaha nzuri ya kuingia nayo kwa kikao. Sheria ya elimu ya Texas, sura ya 37, inahusu hai skuli pia sio vyuo peke yake, na inasema wazi kwamba yule mtoto kukubali sio utetezi. Kwa hivyo ile "lakini alisema sawa" haisaidii mtu mahakamani. Na mwenye ameona kwa macho yake akakosa kuripoti pia ana kesi. Waulize kama watoto wanajua hiyo. Mara nyingi hawajui, wanasainishwa karatasi mwanzo wa mwaka pamoja na ile ya simu na ya mavazi, nani anasoma.

Kwa kamati ningesema kitu moja: kama ni kukaribisha wapya, ifanyike mchana, shuleni, na mwalimu ameketi hapo. Wale wadada wapewe kazi ya kweli, kila mmoja awe na wapya wawili watatu wa kuwaonyesha shule na kukula nao lanchi. Wakubwa wanapenda kuwa wakubwa, wacha wawe wakubwa kwa njia hiyo.

mzee_wa_kazi

Nyie wazazi wa siku hizi mnalea watoto kama mayai. Sisi tulikuwa njuka, tulichota maji ya kaka zetu, tulifua soksi zao, tulipigwa mabao, leo tuko hapa tunalipa morgeji. Mila ni mila. Mkianza kukaa kamati mtaishia na wiki ya kukaa kimya na kunywa maji. Wamarekani wamefanya haya miaka mia na hakuna aliyekufa.

Mwl_Cincinnati

@mzee_wa_kazi shikamoo mzee, ila hilo la mwisho hapana. Texas A&M walikuwa na mila ya kuwasha moto mkubwa kabla ya mechi na wapinzani wao, imeanza 1909, wanafunzi wenyewe ndo walikuwa wanapanga magogo. Novemba 18, 1999 usiku wa manane mnara wa magogo kama elfu 5 ukaanguka na watu juu yake. Walikufa 12 na 27 wakaumia. Ni chuo sio hai skuli, lakini kila mwaka mnara ulikuwa unategemea kumbukumbu za waliotangulia, huyu alimwelekeza yule, hakuna mhandisi aliyekaa akapiga hesabu za muundo mzima. Moto rasmi wa chuo haujawahi kurudi. Na walikuwa wanaupenda kuliko unavyopenda wewe kumbukumbu zako za kufua soksi.

Kwa MamaZuu sasa. Mimi nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo ntasema la kwenye jimu tu maana ndo naliona kila mwaka. Kijana wa jirani yako kuandikwa hayupo ni kosa, na shule ina wajibu wa kisheria, kuna kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 na ile sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990. Mama yake aombe kwa maandishi iingizwe kwenye mpango wake wa masomo. Aombe nini? Chumba tulivu chenye kitu cha kufanya, na asikae peke yake kama mtu aliyeadhibiwa, aruhusiwe kwenda na rafiki. Vizibo vya masikio mlangoni kwa yeyote anayetaka, vikiwa kwa wote hakuna anayeonekana wa ajabu. Ratiba aijue mapema, ngoma zinaanza saa ngapi, zinaisha saa ngapi, maana kinachowachosha wengi ni kutojua lini itaisha. Na zile taa za kumweka-kumweka zitolewe kabisa, mtoto mwenye kifafa haombi ruhusa ya kupata kifafa.

Halafu angalia majukwaa ya jimu. Yale yanayovutwa kutoka ukutani. Mtoto wa kiti cha magurudumu anawekwa chini pembeni karibu na mlango wa dharura wakati darasa lake lote liko juu linaruka, na ukiuliza unaambiwa "ana nafasi nzuri kabisa". Nafasi nzuri na nani? Shusha mstari mmoja wa darasa lake wakae naye chini, haigharimu hata senti.

La mwisho, mfalme na malkia. Kuna shule wanampigia kura mtoto mwenye ulemavu kwa upendo wa kweli, na kuna shule wanampigia kama mzaha, na watoto wanajua tofauti hata walimu wasipojua. Shule nyingi sasa zimeacha kulazimisha mmoja wa kiume mmoja wa kike, wanachagua wawili wowote. Mimi binafsi ningefuta taji lote, lakini hiyo vita usiibebe mwaka wa kwanza.

MamaZuu_TX

Jamani asanteni, naandika kila kitu kwenye daftari. Mwl hilo la majukwaa sijawahi kuliona na nimeingia jimu ile mara kibao.

Swali jingine, huyu mkubwa anasema wa mwaka wa mwisho kila msimu wa chipukizi wanacheza mchezo wa kuwindana, unapewa jina la mtu, unamvizia popote alipo unampiga na bastola ya maji, anatoka, wa mwisho kubaki anachukua hela walizochanga. Shule inasema haihusiki kwa sababu ni nje ya shule. Hii nayo niipeleke au nitaonekana nimezidi?

Baba_Wawili_MD

Ipeleke hiyo KWANZA. Mengine yote subiri.

Nina mvulana mmoja ana miaka 17 ana futi sita na kitu na ni mweusi kama mimi. Walipoanza huo mchezo akaja nyumbani na begi la bastola za maji, moja nyeusi tii. Nikamwambia kaa chini. Novemba 22, 2014, Cleveland, mtoto anaitwa Tamir Rice, miaka 12, alikuwa anachezea bastola ya plastiki kwenye park, mtu akapiga simu polisi, na yule mtu alisema kwenye simu kwamba pengine ni ya bandia. Polisi wamefika, sekunde chache tu, wamempiga risasi. Kesho yake akafa. Mwanangu alikuwa anaijua hiyo hadithi lakini alikuwa anaijua kama historia, kama ya kwenye kitabu.

Sasa huu mchezo unafanyikaje? Mtoto anajificha kwenye kichaka cha jirani saa kumi na moja alfajiri, amevaa hudi, anamsubiri mwenzake atoke aende shule, ana kitu kinachofanana na bastola mkononi, na tuko nchi ambayo jirani ana ya kweli kwenye droo ya kitanda. Huko kwenu Texas ndo usiseme. Watoto wa kizungu wakikamatwa kichakani ni "oh hawa vijana". Wa kwetu hatujui, na mimi sitaki kujua. Polisi wa miji mingi wanatoa tangazo kila msimu wa chipukizi wakiwaomba wazazi, shule zinasema haituhusu.

Sijamkatalia kabisa, maana angecheza kwa siri. Tuliongea na wazazi wengine kama sita wa ile timu yake, tukaenda kwa watoto wenyewe, wao ndo wanaandika kanuni kwenye simu. Wakakubali bastola iwe ya rangi kali ya kung'aa, kijani au chungwa, hakuna nyeusi, au wabadilishe watumie taulo au vibanio vya nguo kumbandika mtu. Marufuku kwenye gari linalotembea, marufuku kazini kwa mtu, marufuku kwenye uwanja wa nyumba ya mtu mwingine, na usiku hakuna. Walinung'unika siku mbili. Mwishowe walichagua vibanio na nasikia imekuwa ya kuchekesha zaidi kwa sababu unaweza kutembea nacho mgongoni nusu siku hujui umekufa.

Shule ikisema haihusiki waambie sawa, basi toeni tu karatasi ya kanuni na barua kwa wazazi wote. Barua haigharimu.

mzee_wa_kazi

Hilo la bastola nakubali. Mengine bado nasema mayai.

Papa_Amani_Maine

Jambo ba ndugu. Miye niko Maine, tulitoka Uvira, batoto yangu banasoma hai skuli hapa. Minataka kusema juu ya maskoti, ile alama ya timu ya shule, hakuna mutu alisema. Hapa Maine 2019 balipitisha sheria, shule ya serikali haiwezi tena kutumia jina ao sura ya Bahindi Bekundu kama maskoti, Maine ndo ilikuwa jimbo ya kwanza kufanya vile. Kabla ya ile batu bazima balikuwa banapaka rangi ku sura na kuvaa manyoya ku kichwa na kupiga makelele ku mechi, na batoto ba kabila zile banaikala pale pale banaangalia. Batu balilia sana eti munaua timu yetu. Timu haikukufa, balibadilisha jina, bananunua maflana mapya, batu banashangilia.

Kwa hiyo ile siku ya mavazi, uliza mada ni gani. Kama ni kuvaa batu bengine, hapana. Na ile siku ya mapacha, mutoto wangu wa kike alikuwa mupya, alifika kati ya mwaka, hana rafiki, utavaa pacha na nani? Alivaa sawa na dada yake mudogo wa shule ingine. Mutu hakuona.

Omosh_Minneapolis

Papa Amani hiyo ya pacha imeniweza. Kwetu waliibadilisha ikawa siku ya rangi, kila darasa rangi yake, la 9 kijani, la 10 bluu, hivyo tu. Fulana kila mtu anayo kwa nyumba.

UmmuSalma_Columbus

Asalaam aleykum. Mimi nitakuwa mfupi maana niko kazini. Watoto wetu wengi wa Kiislamu Ijumaa na Jumamosi hawapo kabisa na shule haijiulizi kwa nini. Dansi sawa, hatuwalazimishi wao wala wao wasitulazimishe, lakini kama kitu cha pekee cha Jumamosi ni dansi la giza basi kundi zima limetoka. Pendekeza na kitu kingine cha mchana, sisi hapa wana bonanza la mpira wa miguu na vyakula, na Wasomali, Wanepali, kila mtu anakuja, watoto wa timu ya futiboli wanakuja kupigwa chenga. Chakula kabla ya mechi kiwepo kisicho na nguruwe, na kiandikwe, sio mtoto anauliza kila meza.

Na wasichana wa kushangilia, wale machialida, sare iwe na mikono mirefu na taitsi kwa anayetaka, na hijabu ya rangi ya shule. Binti mmoja hapa Ohio 2019 alikimbia mbio za nyika vizuri tu halafu matokeo yake yakafutwa kwa sababu ya hijabu, hakuwa na karatasi ya ruhusa. 2022 jimbo likapitisha sheria kuzuia hayo. Kwa hiyo usisubiri mtoto afutiwe, waulize sasa hivi sare zinasema nini.

MamaZuu_TX

Waleykum salaam, shukran.

Sawa nimeshapanga. Nitaanza na ule mchezo wa bastola na kanuni za Baba Wawili, halafu wapya wakaribishwe mchana na walimu wawepo, na nitaitaja hiyo sura ya 37 polepole nikiwa natabasamu. La jimu nimemwambia jirani aje mwenyewe aseme, ni mwanawe, na amekubali. Mamu naliacha la mwisho kwa sababu mwenyekiti wa kamati ndo anatengeneza na kuuza, nimeambiwa leo, jamani nilivyocheka peke yangu jikoni.

Na huyu mdogo nimekaa naye tena jana. Hiyo ya kufundwa ni kwamba wanawapeleka kwenye maegesho ya duka fulani usiku wanawafunga macho. Nimeshamwandikia mkuu wa shule, bila kutaja jina la mtoto yeyote. Sikusubiri kikao.

Omosh_Minneapolis

Vizuri sana. Weka nakala ya hiyo imeili, na uulize ndani ya siku ngapi watajibu.

BiMwanaisha_Houston

Mwenyekiti anauza mamu!! Haya basi usimvunjie biashara, mwombe yeye ndo awe mwalimu wa lile darasa la jioni, mlipeni kidogo kutoka mfuko wa shule. Akikubali umemaliza, maana waliobaki wote wanamfuata. Maribani nina maboksi mawili ya bluu na nyeupe, rangi za shule yenu ni zipi?

MamaZuu_TX

Nyekundu na nyeupe 😩

BiMwanaisha_Houston

Nyeupe natuma Jumatatu. Nyekundu ntauliza kina mama wa tamale.